Maji ya Chini ya Zege

Tarehe 3 Machi. Milimita 0.

Leo mhandisi wa mradi ameniletea kikopo cha plastiki chenye mistari, pamoja na daftari hili. Kikopo nikifunge kwenye nguzo ya uzio, kila asubuhi nitazame mvua imefika mstari wa ngapi, kisha niandike. Nyumba kumi na mbili za mtaa huu zimepewa. Nikamwambia, binti, mvua ya mtaa huu naijua kwa magoti yangu, kikopo cha nini. Akasema, "Magoti yako siwezi kuyabeba mpaka ofisini, mzee." Ana mdomo huyu.

Shule nilikaa miaka mitatu. Herufi nyingi nimejifunza kwenye vibao vya barabarani, kwa hiyo atakayesoma asinikosoe. Lakini mtaro wa mtaa huu nimeujenga mimi. Nilikuwa nyapara wa watu arobaini. Mita mia sita za zege, kutoka sokoni mpaka chini kabisa, kwa siku tisini. Nyapara mwingine angemaliza mwaka mzima. Ndiyo maana watu wananiita Zege, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Sasa wanauvunja. Wanasema zege halinywi maji.

Nyumba ya mwisho, pale mtaa unapoishia kwenye mfereji mkubwa wa jiji, ni ya dada yangu. Amenizidi miaka mitano, ni mjane. Kila msimu wa mvua maji humwingilia ndani, na kila msimu mimi humbebea viroba vya mchanga begani. Mtaa wote ni shahidi. Mwaka huu jiji limempa barua: ikiwa mradi utakamilika na maji yakaingia tena, nyumba itabomolewa na pale patachimbwa bwawa la kupokea mvua. Ukutani wamempigia alama nyekundu. Nimemwambia asihofu, mimi nipo. Aliikunja barua akaiweka mfukoni. Dada yangu si mtu wa maneno.

Tarehe 6 Machi. Milimita 0.

Wameanza kuvunja kutokea juu, sokoni. Nimesimama kutwa. Zege langu limewasumbua sana, limewavunjia sululu mbili. Nilifurahi.

Tarehe 9 Machi. Milimita 0.

Nataka kuandika jambo la leo kama lilivyotokea, maana kesho nitadhani nimeota.

Mbele ya duka la kinyozi wamechimba mpaka kiunoni. Wamejaza kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, juu yake mchanga, na juu kabisa wamepanga vitofali vya kijivu. Ukivitazama, vitofali tu. Nikawaambia mafundi kwamba mvua ya kwanza itaingia kwa kinyozi mpaka kwenye kiti. Mhandisi akanipa ndoo iliyojaa. "Mwaga, mzee."

Nikamwaga kwa nguvu, nimwaibishe. Maji yalipiga chini, yakatandaa kidogo, yakatoweka. Hayakwenda kulia wala kushoto. Nikaomba ndoo nyingine. Nikamwaga ndoo sita. Nikapiga magoti nikapapasa: unyevu tu, kama kitambaa kilichokamuliwa.

Kinyozi, ambaye kichwa chake hakina hata unywele mmoja, alikuwa mlangoni. "Zege, ukimaliza hapo njoo unimwagie na mimi utosini. Labda nitaota."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuyafukuza maji, nikiyaonyesha njia ya kutokea kama mwizi. Mhandisi akasema taratibu, "Sisi tunayakaribisha." Nikamwambia ngoja mvua yenyewe.

Tarehe 10 Machi. Milimita 0. Magoti yanauma.

Tarehe 17 Machi. Milimita 2. Manyunyu.

Tarehe 21 Machi. Milimita 5.

Mhandisi amenipandisha juu ya paa la soko. Ngazi hamsini na mbili, nimezipanda bila kupumzika, yeye alipumzika mara moja. Juu kuna shamba. Sitanii. Udongo wa kina cha kiganja, majani, maua ya njano, nyuki wanafanya kazi zao. Pembeni zimelazwa paneli za sola, zinaendesha taa za soko na majokofu ya wauza samaki. Mvua ikinyesha, paa linakunywa kwanza. Maji linayoshindwa yanashuka kwa bomba hadi kwenye matangi yaliyofukiwa chini ya maegesho, na hayo ndiyo yanaosha soko mwezi mzima.

Nikageuka nikatazama mji. Nimeishi hapa miaka sabini na miwili na sikuwahi kuuona kutokea juu. Siku zote niliutazama nikiwa ndani ya mtaro, naona nyayo na magurudumu. Mhandisi alinyoosha kidole: paa lile, na lile, na lile la hospitali, yote yatakuwa hivi.

Chini kwa dada wamezamisha bomba jembamba uani. Ndani kinaning'inia kidude kidogo kinachopima maji ya ardhini yako chini ya sakafu kwa kiasi gani, kisha kinapeleka namba kwenye simu ya mhandisi. Leo ni sentimita 140. "Yakifika ishirini," alimwambia dada, "itanibidi niandike ripoti kwa jiji. Lakini hayatafika." Dada alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Sawa, mwanangu."

Tarehe 29 Machi. Milimita 38.

Imekuja. Saa tisa alasiri mbingu ilijifunga, ikaachia. Nilitoka na koti langu la kazi, mtaa mzima ulikuwa vibarazani kuangalia kama mradi utaumbuka. Mvua kama hii zamani ingekwishafikia magoti, viatu vya watu vingekuwa vinaelea kuelekea kwa dada.

Barabara ilikuwa inang'aa tu. Maji yalianguka yakaingia. Pembeni, pale ulipokuwa mtaro wangu, sasa kuna bonde jembamba lililopandwa matete na nyasi. Maji yaliyokuwa yanatoka mabarazani yaliingia humo yakapunguza mwendo, yakazunguka kwenye mashina, yakazama. Mtaa mzima ulikuwa unasikika unakunywa. Kweli kabisa, ukiinama unasikia, kama ng'ombe kwenye ndoo. Kinyozi alivua viatu akatembea peku katikati ya barabara huku mvua inampiga. Hakufanya mzaha. Wala mimi.

Nikashuka mpaka kwa dada. Sakafu kavu. Mhandisi alikuwa uani, amelowa chapa, anatazama simu. Nilitegemea anicheke. Hakuwa na kicheko.

"Tisini na tano," alisema. "Yamepanda kabla maji ya barabarani hayajafika huku. Yanatoka wapi haya, mzee?"

Nikasema, mvua ni kubwa.

Tarehe 30 Machi. Milimita 11. Kwa dada 88.

Tarehe 2 Aprili. Milimita 19. Kwa dada 70.

Tarehe 4 Aprili. Milimita 0, jua kali. Kwa dada 66. Jua limewaka kutwa na maji yamepanda.

Tarehe 5 Aprili. Milimita 22. Kwa dada 58.

Nilipeleka viroba vinne. Kinyozi akaniona napita. "Zege, mtaa mkavu huu, huo mchanga unaenda kuwazika nani?" Nikamwambia anyoe wenye nywele.

Mhandisi alinikuta navipanga mlangoni. "Mzee, viroba vinazuia maji yanayokuja kwa miguu. Haya yanakuja kutoka chini." Alichora kwa kijiti kwenye udongo. Sasa mtaa wote unanyonya, maji mengi yanaingia ardhini, na ardhini yanatafuta njia ya kushuka mpaka mfereji mkubwa. Lakini hapa kuna kitu kinayazuia, yanajaa nyuma yake na kupanda. "Kwa hiyo kila tofali ninaloweka juu linamdhuru mama huyu chini. Nimetazama ramani zote za ofisini. Zinasema hapa pakavu. Wewe ulichimba hapa. Chini kuna nini?"

"Udongo," nilisema.

Dada alikuwa dirishani. Sijui kama alisikia.

Tarehe 8 Aprili. Milimita 16. Kwa dada 47.

Nitaandika humu kwa sababu daftari halijibu.

Miaka thelathini na minne iliyopita, siku ya themanini na moja, tulikuwa tumebakiza kona ya kwa dada. Vijana wangu wakachimba, sululu ikazama. Maji yakatoka. Si maji ya mvua. Kilikuwa kijito chenyewe, kinatoka kilimani nyuma ya soko, kinapita chini kwa chini, upana wa mikono miwili, kisafi unaona mchanga. Mchoro ulisema tukikikuta tukilazie kalavati mpaka kwenye mfereji. Mabomba ya kalavati hayakuwa yameletwa. Na mimi nilikwishaapa mbele ya wakubwa kwamba siku ya tisini wanakuja kukata utepe.

Nikakimwagia bamba la zege mdomoni. Juu nikashindilia mfinyanzi, juu yake nikapitisha mtaro wangu. Karani wa ramani alipokuja akaniuliza, hapa vipi? Nikamwambia, pakavu. Akaandika.

Utepe ulikatwa siku ya tisini. Nilipigiwa makofi.

Msimu uliofuata maji yakamwingilia dada. Shemeji, mume wake, alikuwa mwashi, ile nyumba aliijenga kwa mikono yake. Watu wakauliza kwa nini maji yanaingia kwake peke yake. Nikawaambia, shemeji amejenga chini, hakupima. Nilisema kwa kinyozi, nilisema sokoni, nilisema hata msibani kwa watu. Mtaa ulimwita Mwashi wa Bwawani. Baada ya miaka michache hakuna aliyempa kazi ya msingi, akawa anapaka chokaa tu. Amekufa miaka tisa sasa.

Waliochimba na mimi siku ile wote wamekwenda. Nimebaki peke yangu ninayejua.

Tarehe 9 Aprili. Milimita 7. Sikutoka.

Tarehe 10 Aprili. Milimita 25. Kwa dada 40. Sikutoka.

Tarehe 12 Aprili. Milimita 29. Kwa dada 31.

Asubuhi nilibeba kiroba kimoja, nikaenda. Kwa dada mlango ulikuwa wazi. Kinyozi na fundi mmoja walikuwa wanatoa kitanda. Mhandisi alisimama barazani na karatasi mkononi, macho mekundu.

"Sijapeleka ripoti," aliniambia. "Lakini Jumatatu yatafika ishirini, na ni bora mama ahame na vitu vyake vikavu kuliko kuja kufukuzwa."

"Atahamia wapi?"

"Kwangu kuna chumba cha stoo," alisema kinyozi. Hakuwa anatania.

Dada alikuwa anakunja mapazia. Aliniangalia. "Weka chini hicho kiroba, unanichafulia baraza."

Nikakiweka. Nikasema, "Pale konani chini kuna kijito. Nilikiziba mimi."

Kinyozi aliachia upande wake wa kitanda. "Kijito gani?"

"Kinatoka kilimani. Nilitakiwa nikipitishe, nikakifunika."

"Ramani inasema pakavu," alisema mhandisi.

"Ramani niliisema mimi."

Alikaa juu ya kiroba changu. Akatazama barabara yake yote, vitofali na matete mpaka juu sokoni. Nilingoja anitukane, kwa umri wake na kwa elimu yake angeweza. Akauliza, "Unakumbuka mahali?"

"Hatua thelathini na moja kutoka kwenye ukingo wa mfereji. Nimezihesabu kila siku ya Mungu."

Dada alichukua pazia alilokwisha kulikunja, akalikunja tena, na tena, mpaka likawa dogo kama kitabu. Akaingia ndani.

Tarehe 13 Aprili. Milimita 3. Kwa dada 29.

Nimehesabu hatua thelathini na moja mbele ya mafundi wote. Wakachimba mita mbili. Udongo mtupu. Kinyozi: "Zege, au na hiki kijito ni cha siku tisini?" Nikakasirika, nikawaambia wachimbe tena palepale. Udongo.

Mhandisi akaniita pembeni. "Mzee, ulikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia thelathini na minane. "Na hatua hizi ni za miaka mingapi?"

Sikumwelewa. Akanipeleka mwisho kabisa, pale kilipobaki kipande cha mtaro wangu ambacho hakijavunjwa. Akauliza zile nyufa zilizonyooka kwenye zege ni za nini. Nikamwambia, ni viungo, nilikuwa naacha kiungo kila baada ya hatua tano, nilipima mwenyewe kwa miguu. Akatoa futi ya kupimia. Mita nne na nusu. Kisha akaniambia nitembee hatua tano, akapima tena. Mita tatu.

Miguu yangu imefupika hivyo na hakuna aliyeniambia.

Akapiga hesabu kwenye simu, akasogea juu mita tisa na ushee, akachomeka kijiti. Ndipo nilipomtazama yule binti vizuri. Mimi nilijenga mita mia sita na sikuwahi kufikiria kwamba zege lilikuwa linaandika urefu wa miguu yangu. Yeye amelisoma.

Tarehe 14 Aprili. Milimita 0. Kwa dada 27.

Saa nne asubuhi sululu iligonga bamba langu. Sauti yake niliijua.

Wakaingiza mitaimbo, watu wanane. Niliomba kushika mmoja, wakaniachia. Bamba liliinuka upande. Kwanza ikatoka pumzi ya baridi, tukarudi nyuma wote. Halafu yakaja.

Nilidhani yangetoka kwa hasira. Miaka thelathini na minne gizani, mimi ningetoka kwa hasira. Yalitoka polepole yakiwa masafi, yakajaza shimo, yakapata mlango ambao mhandisi alikwishayachongea, yakashika njia ya kwenye mfereji bila kuuliza. Jua likayapiga. Chini ulionekana mchanga uleule mweupe, unacheza. Fundi mmoja alichota kwa viganja akanawa uso, akasema, "Jamani." Magari yalisimama, watu wakashuka kuja kuangalia maji. Maji tu, katikati ya mji.

Mimi ndiye niliyekuwa juu yake muda wote huu.

Saa kumi jioni kwa dada ilikuwa 74. Mhandisi alinionyesha simu. Hawatatia bomba. Kitabaki wazi, kipite juani, kingo zipandwe matete ya kuchuja uchafu, watu wawekewe kivuko. Jiji limekubali kuchora ramani upya.

Dada alisimama mlangoni kwake akatazama. Kisha akafunga mlango.

Tarehe 17 Aprili. Milimita 12. Kwa dada 118. Nilimsalimia. Aliitikia.

Tarehe 20 Aprili. Milimita 9. Kwa dada 131. Wamepanda matete.

Tarehe 23 Aprili. Milimita 0. Kitanda cha dada kimerudishwa ndani. Sikuitwa kusaidia.

Tarehe 26 Aprili. Milimita 91.

Kikopo kilikaribia kujaa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka adhuhuri, redio ilisema mitaa mingine watu wako juu ya mabati. Nilishuka kwa dada bila kiroba, sikujua mikono niiweke wapi.

Kijito kilikuwa kimepanda mpaka kwenye matete, kinakimbia, cha rangi ya kahawa kwa juu na bado kinaenda kinakotakiwa. Barabara yote ya juu inakunywa, kisichonyweka kinaletwa hapa, hapa kinapokewa na kutolewa. Kitu kikubwa kama mji, na kinafanya kazi kama pafu. Nimeona wakubwa wengi maishani, sijaona kitu kilichonifanya nivue kofia kwenye mvua. Leo nilivua.

Dada alifungua mlango. "Ingia, utakufa na baridi."

Sakafu ilikuwa kavu. Alinipa kiti na kitambaa. Tukakaa tukisikiliza. Ndipo aliposema, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Mume wangu aliipima sakafu hii mara tatu. Mwaka ule wa kwanza yalipoingia aliyaonja. Akaniambia, mke wangu, haya ni ya chemchemi, ni matamu, hayatoki barabarani. Akaja kukwambia. Wakumbuka ulimjibu nini?"

Nakumbuka. Nilimwambia mwashi akishindwa kupima huanza kuonja. Kwa kinyozi, mbele ya watu. Walicheka sana.

"Mimi nilimwamini yeye," alisema. "Lakini wewe nilikulea mgongoni. Nikanyamaza. Nimekunyamazia mpaka nikamzika."

Nikaanza kusema kwamba kila mwaka mimi ndiye niliyembebea mchanga. Akanitazama, nikaacha katikati.

"Nyumba umeniokolea, nimeona. Sasa ulikokuwa unapita kusema, pita tena. Nyumba kwa nyumba. Waambie mwashi alipima sawa. Ukimaliza zote ndiyo uje ule hapa."

Tarehe 27 Aprili. Milimita 0.

Nimeanza sokoni saa mbili asubuhi, nikashuka. Nimevaa koti langu la kazi maana sikujua kazi hii inavaliwa nini. Nagonga, naamkia, nasema. Wengine wanaoishi sasa hawakumjua shemeji kabisa, nawaambia vilevile. Mama mmoja aliniuliza kama ninauza kitu. Mzee mwenzangu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaufunga mlango, nami nikaona ni haki yake.

Kando yangu njia nzima matete yalikuwa yanadondosha maji ya jana, na chini sauti ya kijito inazidi kadiri ninavyoshuka.

Kwa kinyozi kulikuwa na watu watano, mmoja kichwa nusu. Nikasimama palepale niliposimama mwaka ule. Nikasema shemeji yangu alikuwa mwashi wa kweli, alipima sawa, sakafu yake ndiyo iliyokuwa sawa kuliko zote mtaani, na maji aliyoyaonja yalikuwa ya chemchemi kama alivyosema. Aliyekosea ni mimi, na niliyasema yale nikijua.

Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma mkononi mwa kinyozi. Akaizima. Nilimngoja anipasue kwa neno moja, analo siku zote.

"Kaa kidogo unywe maji," alisema.

Nikamwambia bado nyumba saba, nikatoka.